Kitu Kikitumbukia, Usikifuate

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati, Mpwapwa



Somo letu la leo linahusu jambo linaloonekana dogo. Pete imeingia kwenye bomba la maji machafu. Ufunguo umeanguka kwenye tundu la choo. Simu imetumbukia shimoni. Ndoo imekatika kamba na kubaki kisimani. Mambo haya yanaweza kutokea Kibakwe, Gulwe, Chunyu au Mpwapwa mjini. Yanaweza kutokea kwako kesho asubuhi.

Kitu kikitumbukia, mwenye kitu hushtuka. Akishtuka hufanya haraka. Mmoja humwaga maji, na kitu huenda mbali zaidi. Mwingine huingiza mkono, akakatwa na kipande cha chupa. Mwingine huweka ngazi akashuka shimoni. Huyu wa mwisho anaweza asirudi.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii ina kinga. Kinga yake ni kujua kitu kimefika wapi, na kujua mahali ambapo mtu haingii.

MANENO YA SOMO

Kwanza tuelewane juu ya maneno matano.

Kona: ni sehemu ya bomba iliyopinda, chini ya sinki au chini ya tundu la choo cha kumwagia maji. Maji kidogo hubaki hapo wakati wote.

Chemba: ni kisanduku cha matofali au saruji kilichojengwa ardhini nje ya nyumba. Mabomba hukutana hapo. Kina mfuniko.

Karo: ni shimo kubwa lililojengwa, ambamo maji ya choo na kinyesi hukusanyika.

Kiopoo: ni mti au kamba yenye ndoana. Hutumika kutoa kitu kilichotumbukia.

Hewa ya sumu: ni hewa mbaya itokayo kwenye uchafu unaooza. Huwezi kuiona kwa macho.

NJIA YA MAJI MACHAFU

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni kubwa nchini iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo. Kisha walifanya kazi kwa mikono yao. Walifyeka majani, walifukia madimbwi, walichimba vyoo. Vyoo hivyo vilikuwa vya shimo. Kitu kikianguka kilikwenda moja kwa moja chini.

Leo vyoo vya shimo bado vipo, tena ni vingi. Lakini nyumba nyingine sasa zina sinki, bafu lenye bomba, na choo cha kumwagia maji. Maji machafu ya nyumba kama hiyo husafiri. Huanza kwenye tundu, hupita kwenye kona, huenda chemba, na humalizikia kwenye karo au shimo.

Kitu kilichotumbukia hufuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo jiulize kwanza: kimefika wapi? Kimekaa kwenye kona? Kimefika chemba? Au kimeingia shimoni? Kila mahali pana kazi yake. Tutazitazama sehemu hizo tatu, moja baada ya nyingine.

Kabla ya yote, zuia maji. Funga bomba la maji safi. Waambie watoto wasinawe wala kuoga hapo. Usimwage hata kopo moja. Maji ndiyo yanayokisukuma kitu mbele. Ukisimamisha maji, mara nyingi kitu nacho husimama.

SEHEMU YA KWANZA: KONA

Kwa nini fundi hupinda bomba chini ya sinki? Wengine hudhani amekosea vipimo. Hapana. Amelipinda kwa makusudi. Maji yanayobaki kwenye kona ni kama mlango. Yanazuia harufu na hewa mbaya zisipande kutoka shimoni kuingia nyumbani.

Kona hiyo hiyo hukusaidia kitu kinapotumbukia. Pete, heleni au ufunguo ni vizito kuliko maji. Huzama, hukaa chini ya kona. Ukiwahi kuzuia maji, kuna matumaini makubwa ya kukikuta hapo.

Kama ni sinki, fanya hivi:

1. Weka beseni au ndoo chini ya kona.
2. Vaa glavu. Kama huna, vaa mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi.
3. Zungusha polepole zile pete kubwa za plastiki zinazoshika kona. Zikiwa zimekaza, zishike kwa kitambaa kikavu.
4. Acha maji yamwagikie kwenye beseni. Angalia ndani ya beseni, kisha angalia ndani ya kona.
5. Rudisha kona kama ilivyokuwa. Kaza kwa mkono.
6. Mimina maji vikombe viwili. Tazama kama panavuja. Maji hayo yatafunga tena mlango wa harufu.

Usisahau hatua ya sita. Kona kavu ni mlango ulioachwa wazi.

Kama ni choo cha kumwagia maji, kona imefukiwa kwenye saruji. Huwezi kuifungua. Chota maji ya juu kwa kopo la zamani na uyaweke kwenye ndoo. Halafu tumia waya mnene uliopindwa mwishoni kama ndoana. Vuta kuelekea kwako. Usisukume. Mkono mtupu usiingie. Kona ni nyembamba, na mkono ukishaingia unaweza kukwama. Tena kuna uchafu wenye vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na minyoo.

Watu wengine hutumia sumaku, kwa mfano ile iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Hufungwa kwenye waya na kushushwa taratibu. Njia hii ni nzuri, lakini jua kwamba sumaku hushika chuma tu. Sindano, msumari na ufunguo wa chuma vitanasa. Dhahabu, fedha, shaba na aluminiamu havinasi. Usikate tamaa sumaku ikirudi tupu. Pete yako inaweza kuwa bado ipo.

Kuna jambo moja la hatari hapa. Usimimine dawa kali ya kuzibulia mabomba ili kukitoa kitu. Dawa hiyo haiyeyushi pete. Itakungoja ndani ya kona, na ukifungua itakuunguza mikono na macho. Wala usichanganye asidi na jiki. Vikichanganyika hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

SEHEMU YA PILI: CHEMBA

Kama kitu hakipo kwenye kona, huenda kimefika chemba. Chemba nyingi za nyumbani si ndefu kwenda chini. Hapo bado unaweza kukitoa ukiwa umesimama nje.

Ondoa mfuniko kwa chepe au nondo, usitumie vidole. Mfuniko ukiponyoka unaweza kuvunja vidole. Ukishaufungua, rudi nyuma hatua kadhaa. Acha hewa ya ndani itoke. Simama upande ambao upepo unatoka, ili upepo upeleke harufu mbali nawe. Kisha tumia kiopoo.

Usiingize kichwa ndani ili kuangalia. Mulika kwa tochi. Usiwashe kiberiti, koroboi wala sigara. Katika uchafu unaooza hutoka pia hewa iwakayo moto, inayoitwa methani. Ikikutana na moto inaweza kulipuka.

Mtu mwingine amtume mwenzake ndani ya nyumba amwage maji kidogo kidogo, huku yeye ameziba tundu la kutokea kwa wavu au kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari. Maji yatapita, kitu kitabaki. Hapa ndipo maji yanaposaidia, kwa sababu njia ya mbele imeshazibwa.

SEHEMU YA TATU: SHIMO

Sasa tumefika mahali pa kifo. Shimo la choo, karo, na kisima kirefu ni ndugu. Sheria yao ni moja tu.

MTU HAINGII.

Hata kama shimo ni lako. Hata kama ulilichimba kwa mkono wako. Hata kama ulishuka mwaka jana ukatoka salama.

Tuone sababu yake. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, kama sehemu 21 ni oksijeni. Hiyo ndiyo inayotuweka hai. Ndani ya shimo, uchafu unaooza hutumia oksijeni na kutoa hewa nyingine. Mojawapo ni kabonidayoksaidi. Nyingine ni haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Hewa hizi mbili ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hutuama chini ya shimo kama maji yanavyotuama kwenye dimbwi.

Hewa ya yai viza ina hila. Ikiwa kidogo, unaisikia harufu yake. Ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa. Mtu anayeshuka atasema, "Mbona harufu imekwisha?" Harufu haikwisha. Pua yake imeshindwa. Ikizidi sana, mtu akivuta pumzi moja au mbili tu huanguka. Hapati nafasi ya kupiga kelele. Hapati nafasi ya kupanda ngazi.

Tena ukikanyaga uchafu, unakoroga. Ukikoroga, hewa ya sumu iliyofungwa ndani ya tope hutoka kwa wingi. Kwa hiyo shimo lililoonekana shwari saa moja asubuhi linaweza kuua saa moja na dakika tano.

Kufunga kitambaa puani hakusaidii. Kitambaa huzuia vumbi, hakizuii hewa ya sumu. Kunywa maziwa kabla ya kushuka hakusaidii. Kushusha taa kuona kama itazimika si kipimo cha kutegemea. Taa inaweza kuendelea kuwaka palipo na sumu, na inaweza kulipua methani.

Kisimani nako ni hivyo hivyo. Wakulima wengine hushusha chini injini ya petroli ili kuvuta maji. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hiyo haina harufu kabisa. Injini ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, na mtu asishuke.

YALIYOTOKEA MOMBASA

Mwezi Aprili mwaka 2017, mjini Mombasa nchini Kenya, simu ilitumbukia kwenye choo cha shimo. Zawadi ya shilingi 1,000 za Kenya iliahidiwa kwa atakayeitoa. Mtu wa kwanza aliingia. Hakutoka. Wa pili akamfuata. Naye hakutoka. Wa tatu akajaribu. Watu wote watatu walikufa.

Ndugu msomaji, soma tena habari hiyo polepole. Aliyeingia kwa ajili ya simu ni mmoja tu. Waliofuata walikuwa wanamfuata mtu. Huruma yao ndiyo iliyowaua.

Jambo hili halipo Mombasa pekee. Mwaka 1986 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini ilitoa onyo. Ilisema kwamba katika vifo vya kwenye matangi, mashimo na sehemu nyingine zilizofungwa, zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa ni watu walioingia ili kuokoa wenzao. Maana yake ni kwamba shimo huua waokoaji wengi kuliko wale wanaookolewa.

Sisi wa Mpwapwa ni wafugaji. Tunajua ng'ombe mmoja akizama kwenye tope, mchungaji hawaswagi wengine humo humo wakamtoe. Hukimbilia kamba, na huita watu. Kwa mwanadamu tufanye vivyo hivyo.

FEDHA HAIMO NDANI YA SIMU

Kwa nini mtu ahatarishe roho kwa sababu ya simu? Ukimwuliza atakwambia, "Fedha zangu zote zimo humo. Nimeuza karanga juzi, fedha imo kwenye simu."

Hapana. Fedha haimo ndani ya simu. Fedha imo katika hesabu zako kwenye kampuni ya simu. Simu ni kama ufunguo tu. Ukipoteza ufunguo, nyumba haijapotea.

Fanya hivi. Azima simu ya jirani. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, uwaambie laini yako imepotea. Kisha nenda kwenye duka au kwa wakala wa kampuni hiyo ukiwa na kitambulisho chako cha Taifa au namba yake. Utaweka alama ya kidole. Utapewa laini mpya yenye namba ile ile. Fedha yako utaikuta, maana namba ya siri unaijua wewe mwenyewe.

Majina na namba za watu ziandike kwenye daftari. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Daftari halitumbukii chooni.

Sasa imebaki thamani ya simu yenyewe. Simu ndogo ya vitufe bei yake haifiki bei ya mbuzi. Nani atakubali kufa kwa nusu mbuzi?

JINSI YA KUOPOA UKIWA JUU

Kama kitu ni cha lazima, na kinaonekana, jaribu kukiopoa ukiwa juu. Tengeneza kiopoo.

Tafuta mti mrefu, mkavu, ulionyooka. Kwa ndoo, funga mwishoni ndoana ya nondo nyembamba. Kwa visima virefu tumia kamba yenye ndoana tatu zilizofungwa pamoja, zielekee pande tatu. Kwa simu au ufunguo, ndoana haifai. Funga kopo lililotobolewa matundu mengi, kama upawa. Uchafu utapita, kitu kitabaki.

Kabla ya kuanza, kagua sakafu ya choo. Huku kwetu mchwa ni wengi. Gogo linaweza kuonekana zima kwa nje, kumbe ndani limeliwa. Ligonge kwa fimbo. Likitoa sauti ya utupu, usilikanyage. Kama sakafu ni mbovu, acha kazi hiyo.

Usibomoe sakafu ili kupanua tundu. Usilale kifudifudi na uso juu ya tundu. Simama, geuza uso pembeni, na uwe upande unakotoka upepo. Wawepo watu wazima wawili. Watoto wakae mbali. Ukisikia kizunguzungu, macho kuwasha au kichwa kuuma, ondoka mara moja uende penye hewa safi. Usiseme, "Namalizia kidogo."

Jaribu kwa muda mfupi. Ukishindwa, sema kimepotea. Neno hilo ni gumu, lakini halina matanga.

TUCHUKUE MFANO

Mama ametumbukiza simu chooni jioni. Anamwambia mumewe. Kijana wa jirani anasikia. Anakuja mbio, anavua shati.

Kijana: Shemeji, nipe elfu kumi nishuke mimi. Mimi mwepesi, dakika mbili tu.

Mama: Baba watoto, mpe. Fedha ya karanga imo humo.

Baba: Ngoja kwanza. Tumwulize mzee.

Babu: Mjukuu wangu, vaa shati lako. Elfu kumi haitoshi kununua sanda.

Kijana: Babu, mimi siogopi uchafu.

Babu: Sikuzungumzia uchafu. Nimezungumzia hewa. Uchafu tungekuosha kwa sabuni. Hewa ya humo haioshwi. Nendeni mjini kesho mkachukue laini mpya.

Hapo familia imepoteza simu moja. Imepata kijana mzima, na jirani mwema.

MTU AKITUMBUKIA

Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote. Mwenzako yuko chini. Unamwona. Pengine ni mwanao. Moyo unakusukuma ushuke. Usishuke. Ukishuka mtakuwa wawili chini, na juu hakuna wa kuita msaada. Fanya haya:

1. Piga kelele. Watu waje. Mteue mtu mmoja mwenye sauti asimame mlangoni na kuzuia yeyote asishuke, hata ndugu wa damu.
2. Piga simu namba 114. Hiyo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Au piga 112 polisi. Sema kijiji, kitongoji, na kwamba mtu ametumbukia shimoni. Piga hata kama unajua wako mbali. Mwingine akimbie kwa mwenyekiti wa kijiji kutafuta gari.
3. Ondoa mfuniko, mlango, na paa kama ni jepesi, ili hewa safi iingie. Hii ni kwa ajili ya aliye chini. Haina maana kwamba shimo sasa ni salama kuingia. Udongo na matofali yasimwangukie.
4. Kama anasikia na kujibu, mtupie kamba nene yenye kitanzi kikubwa. Mwambie akipitishe chini ya makwapa. Mvuteni watu wengi pamoja, polepole, bila kusimama pamoja kwenye sakafu mbovu.
5. Kama hajibu, jaribuni kumnasa nguo au mkanda kwa kiopoo kirefu mkiwa juu. Endeleeni kumwita na kungoja waokoaji. Wao wana mitungi ya hewa na kamba maalumu. Bila vitu hivyo hata askari wa zimamoto haruhusiwi kuingia.

Akishatoka, mpelekeni penye hewa safi. Mvueni nguo zilizochafuka, mmwoshe kwa maji. Kama anapumua, mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Kama hapumui, mlazeni chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Sukuma kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwenzako apokee. Msimpulizie mdomoni, maana hewa ya sumu inaweza kumdhuru anayepuliza.

Apelekwe hospitali hata kama ameamka na anasema amepona. Mapafu yanaweza kujaa maji baada ya saa kadhaa. Mwangalieni njiani.

BAADA YA KUOPOA

Kitu kimepatikana. Furaha isikusahaulishe usafi.

Pete, ufunguo au ndoo osha kwa maji na sabuni. Kisha loweka kwenye maji yenye jiki, na suuza. Simu iliyozama usiichaji wala usiiwashe. Betri iliyoingia maji inaweza kuwaka moto. Ifute, mpelekee fundi, na mwambie ukweli ilitoka wapi.

Osha kiopoo na ukianike juani mbali na vyombo. Kiopoo cha choo kisitumike kisimani. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi viwikoni.

Kama umekatwa na waya au chupa, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni. Siku hiyo hiyo njoo zahanati. Kidonda kilichoguswa na uchafu wa choo kinaweza kuleta pepopunda. Sindano ya kinga ipo. Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala mafuta ya breki.

TUZUIE KABLA

Kazi zifuatazo unaweza kuzianza wiki hii.

Weka chujio kwenye tundu la sinki na la bafu. Kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari kinatosha. Kingo zake zikunje zisikate watu.

Tengeneza mfuniko wa tundu la choo wenye mkono mrefu. Mfuniko huzuia nzi, na huzuia vitu.

Tundu la choo lisiwe pana. Upana wa sentimita 18 unatosha. Tundu pana linaweza kummeza mtoto.

Piga msumari au weka kibao ukutani kabla ya kufika kwenye tundu. Simu, funguo na saa vibaki hapo. Simu iliyo mfuko wa nyuma wa suruali ndiyo huanguka kwanza, mtu anapochuchumaa.

Pete ivuliwe kabla ya kufua na kuosha vyombo. Sabuni hulegeza pete.

Karo likijaa, ita gari la kunyonya maji machafu. Usimpe kijana ndoo na kamba. Mashimo ya zamani yasiyotumika yafukiwe.

Ndugu wasomaji, somo hili lisiwafanye muogope choo. Choo ni rafiki wa afya. Kaya isiyo na choo hupata kuhara na minyoo. Tumia choo, kisafishe, kifunike. Lakini yaliyomo chini ya sakafu yake yaache huko.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Taja sehemu tatu ambazo kitu kilichotumbukia kinaweza kufika. Katika kila sehemu tufanye nini?
2. Kwa nini ni vibaya kumwaga maji kitu kinapoangukia kwenye sinki?
3. Kwa nini harufu "kuisha" shimoni ni dalili ya hatari?
4. Katika habari ya Mombasa, mtu wa pili na wa tatu walikufa kwa sababu gani?
5. Simu yako ikipotea, fedha yako utaipataje?

Kazi ya kufanya: Kila mwanakikundi akague tundu la choo chake na mfuniko wa karo, kisima au shimo la zamani lililo karibu na nyumba yake. Aandike alichokiona. Mkutanapo wiki ijayo, someni mlichoandika, na mchague shimo moja la hatari mlifukie au mlifunike kwa pamoja.

Nyumbani mfundishe mtoto maneno haya matatu, ayakariri: Simama. Ita. Usishuke.